Fundisho la Kutunza Vyeti vya Vipimo vya Hospitali



Katika kila usharika kuna kitabu cha ubatizo, na kitabu cha ndoa, na kitabu cha mazishi. Mkristo akihama kwenda kukaa mahali pengine, hupewa cheti na mchungaji wake, ili huko aendako asipokewe kama mtu asiyejulikana. Kazi hii hatuioni kuwa mzigo, maana twajua ya kuwa akili ya mtu husahau, bali karatasi iliyotunzwa vema haisahau. Walakini mtu yule yule aliyeandikwa vema katika vitabu vya kanisa, mara nyingi mwili wake huhama toka hospitali hata hospitali bila cheti cho chote. Basi, mwezi huu nataka tujifunze neno moja tu: jinsi ipasavyo kutunza na kupanga vyeti vya vipimo vya mwili, ili daktari mpya apate kuvisoma na kutusaidia upesi.

1. Habari ya mama yangu

Sileti fundisho hili kama mwalimu aliyefaulu, bali kama mwanafunzi aliyerudiwa. Mama yangu ni mtu mzima, mwenye shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Mwaka 2019 alipimwa damu katika hospitali iliyo karibu na kijiji chetu. Mwaka 2021 alikwenda kukaa kwa dada yangu mjini, akapimwa huko tena. Katika miaka hiyo yote alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki dukani, apate kutuliza magoti, wala hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Mwaka 2023 miguu yake ikavimba, nikampeleka kwa daktari ambaye hakumwona kamwe. Daktari akampima, akaona ya kuwa figo zimedhoofika. Akaniuliza kwa upole: "Baba Mchungaji, hali hii ni ya juzi, au ni ya miaka?" Nikanyamaza. Akamgeukia mama: "Bibi, umewahi kupimwa figo?" Mama akajibu: "Nimetolewa damu mara nyingi, mjukuu wangu, lakini sikuambiwa wapima nini." Akamwuliza dawa anazokunywa. Mama akasema: "Vidonge vyeupe vidogo, na vingine vya rangi ya chungwa."

Ndugu, lile swali la kwanza lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Figo zilizodhoofika kwa siku chache huenda zikapona, kama kisababisho kikiondolewa upesi; bali zilizodhoofika kwa miaka zina njia nyingine ya kutunzwa. Daktari hakuweza kuchagua njia bila kujua ya nyuma. Basi tukalazwa siku nne, akapimwa hiki na hiki, na fedha iliyotumika ilikuwa karo ya mdogo wetu.

Niliporudi nyumbani nikafungua sanduku la mama. Cheti cha mwaka 2019 nalikikuta kimefungiwa mbegu za maharage. Cha mwaka 2021 kilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Vingine vilikuwa vimeliwa na mchwa. Vile viwili nikavipeleka. Daktari akavilaza mezani pamoja na cha tatu, akavitazama kitambo, akasema: "Jambo hili limekuwa likija polepole kwa miaka minne. Kama hivi viwili vingaliwekwa pamoja mwaka 2021, vidonge vile vya magoti vingalikomeshwa wakati ule ule." Maana dawa za namna ya diklofenaki zaweza kudhuru figo, hasa za mtu mzima mwenye shinikizo la damu.

Mama yu hai, naye anywa dawa zake kwa utaratibu. Lakini nguvu ya figo iliyopotea haikurudi. Nami niliyetunza vitabu vya usharika bila kukosa jina hata moja, sikutunza karatasi mbili za mama aliyenizaa. Kwa sababu hiyo nawaandikia.

2. Kwa nini daktari mpya ahitaji vyeti vya zamani

Kwanza, kipimo kimoja ni kama unyayo mmoja njiani: waonyesha mtu alipokanyaga, hauonyeshi atokako wala aendako. Nyayo mbili tatu zikifuatana, ndipo njia huonekana. Damu ya mtu yaweza kuwa pungufu kidogo leo. Lakini kama mwaka jana ilikuwa nzuri, na miezi sita iliyopita ilikuwa imeshuka, daktari atatafuta inakopotelea.

Pili, vyeti huzuia kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Kurudia ni fedha, tena ni damu, tena ni siku za shamba. Vipimo vingine yafaa virudiwe, kwa kuwa hali ya mwili hugeuka, wala tusimgombeze daktari akivirudia. Lakini si vyote.

Tatu, vyeti huzuia dawa yenye kudhuru. Mtu aliyewahi kuvimba uso kwa sindano ya penisilini, akasahau kusema, aweza kuchomwa tena na kufa.

Hata madaktari wenyewe walichelewa kujifunza neno hili. Zamani katika hospitali nyingi kila daktari alikuwa na daftari lake, na habari za mgonjwa mmoja zikatawanyika katika madaftari mengi. Huko Rochester katika nchi ya Marekani, katika hospitali ya Mayo, daktari mmoja jina lake Henry Plummer alianzisha desturi mpya mwaka 1907: kila mgonjwa apewe namba moja na jalada moja, na habari zake zote ziwekwe humo. Ndiyo desturi tuionayo leo katika hospitali kubwa, kama ile ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini jalada la hospitali hii halisafiri kwenda hospitali ile, na mashine za kompyuta za mahali mbalimbali mara nyingi hazisomani. Wewe mwenyewe ndiwe usafiriye. Kwa hiyo jalada lililo lako na liwe mkononi mwako.

3. Hesabu bila kipimo chake haina maana

Hapa nawaomba msome polepole. Nilipoviona vyeti vitatu vya mama, nalishikwa na hofu. Cha mwaka 2019 kilisema kreatinini 1.1. Cha mwaka 2021 kilisema 131. Cha mwaka 2023 kilisema 2.2. Nikafikiri: ugonjwa ulipanda mara mia, kisha ukashuka, basi mama alikwisha kupona! Kumbe nalikosa kabisa.

Kreatinini ni taka itokanayo na kazi ya misuli, nayo figo huiondoa katika damu. Figo zikichoka, taka hii huzidi. Lakini maabara nyingine huipima kwa miligramu katika desilita moja, na alama yake ni mg/dL. Nyingine huipima kwa mikromoli katika lita moja, na alama yake ni µmol/L. Moja ya kwanza ni sawa na 88.4 ya pili. Basi 1.1 ni kama 97, na 2.2 ni kama 194. Sasa zipangeni hesabu hizo kwa kipimo kimoja: 97, kisha 131, kisha 194. Mwaona njia yake? Yapanda kila mara bila kupumzika.

Kadhalika sukari ya damu. Maabara moja itaandika 7 kwa mmol/L, nyingine itaandika 126 kwa mg/dL, nazo ni hesabu moja, maana moja ya kwanza ni 18 za pili. Na kwa sukari andika tena kama ulipimwa kabla ya kula au baada ya kula, kwa kuwa 7 ya mtu aliyefunga usiku kucha ni neno la ugonjwa wa kisukari, bali 7 ya mtu aliyetoka kula si ajabu.

Wingi wa damu nao huandikwa 11 kwa g/dL, au 110 kwa g/L.

Kwa hiyo msinakili hesabu peke yake. Nakilini hesabu, na alama ya kipimo chake, na mipaka ya afya iliyochapwa kando yake, maana kila maabara ina mipaka yake. Wala msigeuze hesabu wenyewe kwenye cheti. Acheni ilivyo, daktari ataigeuza.

4. Vyeti gani vitunzwe, na vipi viachwe

Vya kutunza maisha yote: kundi la damu, kipimo cha seli mundu, habari za upasuaji, majibu ya kinyama kilichokatwa mwilini na kupimwa, kadi za chanjo, na habari ya dawa yo yote iliyokudhuru.

Vya kutunza kwa kufuatana, mwaka kwa mwaka: shinikizo la damu, sukari, pamoja na kile kipimo kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, wingi wa damu, vipimo vya figo na ini, na vyeti vya ugonjwa udumuo, kama vile kadi ya kifua kikuu au ya kliniki ya UKIMWI. Mama mjamzito na atunze kadi yake ya kliniki hata baada ya kujifungua, maana habari ya uzazi wa kwanza humsaidia mkunga katika uzazi wa pili.

Picha zitunzwe pamoja na maelezo yake. Wengine huleta maelezo wakaacha picha nyumbani. Wengine huleta picha bila maelezo. Daktari bingwa hutaka vyote viwili, apate kutazama kwa macho yake mwenyewe. Picha za CT mara nyingi hutolewa katika sahani ya CD. Msiikwaruze wala kuiacha juani. Na mtu aliyekatwa kinyama kwa ajili ya uvimbe akipewa rufaa, aulize kama vioo na vipande vya nta vilivyohifadhiwa maabara vyaweza kwenda pamoja naye, maana hospitali ya pili huenda ikataka kuvitazama upya.

Bali cheti cha malaria cha mwaka juzi hakina kazi kwa homa ya leo. Kwa habari ya malaria neno moja lafaa kukumbukwa: kile kipimo cha haraka cha tone la damu chaweza kuendelea kuonyesha malaria hata majuma kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo andikeni tarehe mliyomaliza dawa, mkamwambie tabibu, asije akatibu ugonjwa uliokwisha na kuuacha ulio mpya.

5. Namna ya kupanga

Haihitaji fedha nyingi. Tafuteni jalada moja gumu kwa kila mtu wa nyumba, mkaandike jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Msichanganye baba na mtoto katika jalada moja. Jina liandikwe namna moja kila mahali; maana mtu aitwaye kwa jina la ubatizo katika hospitali moja, na kwa jina la ukoo katika nyingine, huonekana kama watu wawili.

Kisha gawanyeni vyeti katika mafungu manne: vipimo vya damu, mkojo, choo na makohozi, picha na maelezo yake, barua za madaktari, za rufaa na za kuruhusiwa, na dawa. Katika kila fungu cheti kipya kikae juu, cha zamani chini. Cheti kisicho na tarehe ni kama kaburi lisilo na jina. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dirishani pa maabara tazameni kama kina tarehe, jina lenu, na jina la hospitali. Kama havimo, ombeni viandikwe.

Angalieni karatasi laini yenye kung'aa, itokayo katika mashine ndogo, kama ile ya kipimo cha umeme wa moyo au ya ultrasaundi. Maandiko yake hayakuandikwa kwa wino, bali kwa moto. Ikikaa juani, au mahali penye joto, au ikishikana na plastiki, hufifia hata ikabaki nyeupe. Toeni nakala yake upesi katika karatasi ya kawaida.

Jalada lisikae sakafuni kwa ajili ya mchwa, wala jikoni kwa ajili ya moshi, wala chini ya bati livujalo. Mwenye simu ya kupiga picha na azipige karatasi zote, moja moja, penye mwanga, pembe zote nne zionekane. Kisha mwana mmoja aaminiwaye awe na picha hizo pia. Simu huibwa, na karatasi huungua. Lakini ni vigumu viwili hivyo vipotee siku moja.

6. Ukurasa wa mbele

Daktari mwenye wagonjwa wengi hana nafasi ya kusoma karatasi arobaini. Basi mbele ya jalada wekeni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono safi: jina, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya jalada katika kila hospitali uliyotibiwa, magonjwa yajulikanayo na mwaka yalipotambuliwa, upasuaji, dawa unywazo sasa, kila moja na uzito wake na mara ngapi kwa siku, dawa zikudhuruzo, na jina na simu ya jamaa wa kuitwa.

Msifiche dawa za dukani wala za mitishamba. Vidonge vya diklofenaki vya mama havikuandikwa katika cheti cho chote, kwa kuwa tulidhani dawa ya duka si dawa. Mkishindwa kusoma jina la dawa, chukueni pakiti yenyewe.

Nyuma ya ukurasa huo chorani safu: tarehe, kipimo, hesabu, alama ya kipimo, mahali. Kila mrudipo kutoka hospitali ongezeni mstari mmoja. Mistari mitano ya namna hiyo ingalimwokoa mama yangu na hasara nyingi.

Na siku ya kumwona daktari mpya, mpeni kwanza ukurasa huu, mkamweleze kwa maneno machache kilichowaleta. Jalada zima liwekeni tayari, msilimwage mezani. Toeni nakala, mkabaki na karatasi za asili. Wala msimwambie daktari ugonjwa ni upi kwa sababu cheti cha zamani kilisema hivyo. Cheti ni shahidi, hakimu ni daktari, naye aweza kumpima shahidi.

7. Siri ya mgonjwa

Kutunza si kutangaza. Jalada ni la mgonjwa mwenyewe, na ajuaye habari zake ni yule aliyemruhusu. Katika Tanzania sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, yahesabu habari za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Basi picha za vyeti zisitumwe katika makundi ya simu, hata kwa nia ya kuomba msaada, bila ruhusa ya mwenyewe. Mara nyingi nimeona jina la mgonjwa likizunguka usharika mzima kabla yeye mwenyewe hajaambiwa majibu yake.

8. Neno kwa wainjilisti na walimu wa sharika

Ninyi ndinyi mwingiao katika nyumba za wazee, na wengi wao hawasomi. Mkimtembelea mzee, mwombeni kwa heshima awaonyeshe karatasi zake. Akikubali, kaeni naye saa moja mkazipange kwa tarehe, mkamwandikie ule ukurasa wa mbele. Msimfasirie ugonjwa wake, kwa kuwa hamkupewa kazi hiyo. Kazi yenu ni kupanga. Mkiona hesabu zipandazo au zishukazo mwaka kwa mwaka, msimtishe, mwambieni tu, "Babu, twende tukamwonyeshe daktari karatasi hizi pamoja." Tena mkifanya hivyo, nyamazeni juu ya yale mliyoyasoma.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kipimo kimoja peke yake hakimtoshi daktari?
2. Mtu ana vyeti viwili vya sukari: kimoja chasema 7 kwa mmol/L, cha pili chasema 126 kwa mg/dL. Je, sukari yake ilipanda?
3. Ni karatasi gani zifutikazo zenyewe, na yapasa kuzifanyia nini?
4. Taja mambo sita yaandikwayo katika ukurasa wa mbele.
5. Katika nyumba yako, vyeti vya wazazi wako viko wapi leo?

Swali la tano halijibiwi darasani. Inukeni, mkatazame katika sanduku.